Kabla ya kulipa, omba kuona daftari: jibu kwa mzazi wa Kisumu kuhusu programu za sayansi za likizo

Mzazi mmoja wa Kisumu ameniandikia hivi: "Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina binti wa miaka 14 aliye Gredi ya 8 na kijana wa miaka 9 aliye Gredi ya 4. Kila likizo ikikaribia naletewa matangazo ya programu za sayansi na mazingira kwa watoto, na mwezi wa Aprili nilijinyima nikamlipia binti yangu wiki nzima. Alirudi na cheti, na picha akiwa amevaa koti jeupe la maabara, lakini nilipomuuliza alichojifunza aliniambia waliona chupa zikitoa povu. Sasa likizo ya Agosti inakuja. Nitaijuaje programu inayofaa? Je, huku kwetu kuna mahali pa kuwapeleka, au ni lazima niwatume Nairobi? Na pesa zikikosekana, naweza kufanya nini nyumbani, mimi ambaye fizikia niliiacha kidato cha pili?"

Mama, nianze na swali lako la kwanza, kwa kuwa jibu lake unaweza kulitumia hata leo kwa kupiga simu. Kabla ya kulipa chochote, mwombe mwenye programu akuonyeshe daftari la mtoto mmoja aliyehudhuria likizo iliyopita. Picha na vyeti atakuwa navyo tele, na havitakuambia kitu. Unachotafuta ni kurasa ambazo mtoto ameziandika kwa mkono wake: tarehe, saa na mahali, namba alizozipima pamoja na vipimo vyake, ziwe za sentimita au za mililita, mchoro wa mdudu au wa jani ambao haukunakiliwa ubaoni, na hilo utalijua kwa sababu michoro ya watoto tofauti haifanani, na mahali palipokatwa na kuandikwa upya baada ya kipimo cha pili kupingana na cha kwanza. Zaidi ya hayo, tafuta swali ambalo mtoto aliliuliza mwenyewe, kisha uangalie kama siku iliyofuata alirudi kwenye kitu kilekile kulitafutia jibu. Mwenye programu akikuambia kwamba watoto wake hawaandiki kwa kuwa wako likizoni na wanapaswa kufurahia, mshukuru na utafute kwingine. Nimewafunza viongozi wa klabu za sayansi kati ya Nakuru na Kisumu kwa zaidi ya miaka 20, na sijaona mtoto aliyechoshwa na daftari linalohusu kitu alichotaka kukijua.

Sisemi kwamba povu ni jambo baya. Siki ikikutana na soda ya kuokea hutoka gesi ya kabonidioksidi, na hiyo ni kemia halali kabisa. Kosa ni kumfanya mtoto awe mtazamaji, nami nililifanya kosa hilo katika miaka yangu ya mwanzo. Nilisimama mbele ya watoto wapatao 40 ukumbini, nikamimina siki, povu likapanda, wakapiga makofi, nikahamia onyesho lililofuata. Msichana mmoja wa mstari wa mbele aliinua mkono akauliza, "Ukiongeza siki peke yake, povu litaongezeka mpaka wapi?" Nilimwambia tutaliangalia baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Swali lile lingetosha kuwa somo la asubuhi nzima. Lilihitaji chupa sita za plastiki za nusu lita, baluni sita, kijiko kimoja cha chai cha soda ya kuokea kwa kila chupa, na siki ya vijiko vikubwa viwili katika chupa ya kwanza, vinne katika ya pili, na kuendelea hivyo hadi 12. Baluni ikivishwa kwenye mdomo wa chupa hunasa gesi, nao watoto huizungushia uzi kiunoni na kuupima uzi huo kwa rula. Chupa za kwanza baluni hukua, kisha hufika mahali ambapo kuongeza siki hakuongezi kitu, kwa maana soda yote imekwisha kutumika. Mtoto anayefika hapo kwa uzi na rula ameelewa jambo ambalo wanafunzi wengi wa sekondari hulikariri tu kwa ajili ya mtihani.

Baada ya daftari, nina maswali mawili tu ya kukupa. Uliza kila mtu mzima ataongoza watoto wangapi. Ukisikia 10 au 12 endelea na mazungumzo, lakini ukisikia 30 ujue mtoto wako analipiwa kupanga foleni ya kuchungulia hadubini. Kisha uliza watakwenda mahali pamoja mara ngapi. Wazazi wengi hupenda programu inayozunguka sehemu sita kwa basi katika siku tano, na nawaelewa, maana inaonekana kuwa na thamani zaidi kwa pesa ileile. Kwa maoni yangu, watoto wanaorudi kwenye kijito kimoja mara tatu hujifunza zaidi, kwa sababu mara ya kwanza huona maji, mara ya pili huanza kuona wadudu, na mara ya tatu huanza kuuliza kwa nini wadudu wa jana hawapo baada ya mvua ya usiku.

Kuhusu Nairobi, huna haja ya kuwatuma huko. Hapo mjini kwenu kuna Jumba la Makumbusho la Kisumu, lenye nyoka na samaki hai pamoja na boma la Kiluo, na karibu na ziwa kuna hifadhi ya swala ambayo iko chini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Lakini ningekuwa mimi ningewapeleka Dunga, kwenye kinamasi cha mafunjo kando ya ziwa. Mafunjo ya Dunga yana ndege ambao maisha yao yote hutegemea mafunjo na hawaishi penginepo. Mmoja wao ana mgongo mweusi, kifua chekundu kama moto na utosi wa manjano, na mtoto akiketi kimya dakika 20 asubuhi mapema pamoja na mwongozaji wa pale atamsikia kabla ya kumwona. Hapohapo kuna gugu maji, ambalo lilianza kuwasumbua wavuvi wa upande wetu wa ziwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1997 waliachiliwa ziwani wadudu wa jamii ya fukusi, ndugu wa wale wanaotoboa mahindi ghalani, ili walile gugu hilo. Chukua jani moja, uliinue kuelekea mwanga, nawe utaona madoa madogo ya rangi hafifu, kama mtu amelikwangua kwa ukucha. Hayo ni makovu ya mlo wa fukusi hao. Mtoto wa Gredi ya 8 anaweza kuhesabu makovu kwenye majani 20 ya ukingoni na majani 20 ya mbali kidogo, alinganishe, na akaanza kujiuliza maswali ambayo hata watafiti huyauliza. Sharti ni moja: gugu hilo lisibebwe likiwa hai kupelekwa kwenye bwawa au kisima chochote, bali lianikwe juani likauke kabisa.

Mkipata nafasi ya kusafiri, Msitu wa Kakamega hauko mbali, nao ni masalia ya mwisho nchini ya msitu wa mvua unaofanana na ile ya Kongo. Vijana wa maeneo ya Isecheno waliokua kando ya msitu huo walianzisha mradi wa elimu ya mazingira unaojulikana kama KEEP, na wanajua vipepeo na miti kwa majina ya Kiluhya na ya kitaalamu pia. Kitale kuna jumba la makumbusho lililoanza na mkusanyiko wa mlowezi mmoja aliyependa wadudu na ndege, na nyuma yake kuna njia ya kutembea ndani ya msitu wa kando ya mto. Karibu na mji huo ipo Hifadhi ya Saiwa, ndogo mno, ambapo watoto hupanda jukwaa la mbao kumvizia sitatunga, aina ya swala, anayetembea kwenye matope bila kuzama kwa sababu ya kwato zake ndefu.

Nakuru nitaielezea kidogo zaidi, kwani ndiko nilikojifunza kazi hii. Tangu mwaka 2010 hivi Ziwa Nakuru limepanda likafunika hata lango kuu la zamani la hifadhi, na migunga ya manjano iliyokuwa ufukweni imekauka ikiwa imesimama majini. Maji mengi ya mito na mvua yamepunguza ukali wa magadi ya ziwa, mwani ambao heroe wadogo huula na kuwapa rangi yao ya waridi umepungua, na makundi makubwa ya ndege hao yakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Ukimweka mtoto mbele ya mti mmoja uliokauka ukamwambia apime urefu wa alama ya maji kwenye shina, atakuwa ameshika kwa mkono mwisho mmoja wa mnyororo huo. Chama cha Klabu za Wanyamapori za Kenya, kilichoanzishwa mwaka 1968, kina hosteli mle ndani ya hifadhi ambamo shule hulala, na usiku mmoja hapo huzaa maswali mengi kuliko ziara ya mchana mzima ndani ya gari. Muulize mwalimu wa binti yako kama shule yao ina klabu. Kama haina, wazazi watatu wakiomba kwa pamoja huwa vigumu kuwakatalia.

Nyumbani ndiko ningependa uanzie, hata kama pesa unazo.

Kwa kijana wa miaka 9, tafuta kijiti kilichonyooka cha mita moja juu ya ardhi, mkisimamishe wima kwa kamba yenye jiwe ili msikosee, mahali penye jua siku nzima. Kuanzia saa sita kasorobo hadi saa saba na robo, kila baada ya dakika 10, aweke kokoto kwenye ncha ya kivuli na kuandika saa na urefu. Watu wengi hudhani kivuli kifupi zaidi hupatikana saa sita kamili. Kisumu haiko hivyo. Saa zetu hufuata mstari wa longitudo ya digrii 45 Mashariki, unaopita karibu na Mogadishu, ilhali Kisumu iko kwenye digrii 34 na robo tatu hivi, na jua huchukua dakika nne kwa kila digrii; kwa hiyo katikati ya Agosti adhuhuri ya kweli hapo kwenu ni karibu saa sita na dakika 45. Kivuli cha wakati huo kitakuwa na sentimita 25 hivi na kitaelekea kusini. Arudie kila Jumamosi. Kitapungua wiki kwa wiki, na ifikapo tarehe 22 au 23 Septemba, kwa kuwa mnakaa karibu kabisa na Ikweta, kitakuwa kimetoweka chini ya kijiti, kisha mwezi wa Oktoba kitaanza kurefuka tena kikielekea kaskazini. Nimeona watoto wakimvuta babu yao kwa mkono waje naye kuangalia kivuli kilichogeuka. Mkanye tu asilitazame jua lenyewe, kwa kuwa kazi yote iko ardhini.

Jambo la pili lifanyeni wote watatu. Pandeni maharagwe katika ndoo kuukuu yenye udongo wa shamba ambalo maharagwe hupandwa, na kando yake ndoo ya pili yenye udongo huohuo mpande kunde. Ndoo ya tatu ijazwe mchanga wa mto uliooshwa na kuchemshwa, mpande maharagwe pia. Baada ya wiki tano au sita, shule ikiwa imeshafunguliwa, na si neno, mwagieni maji ndoo zilainike, mng'oe mimea polepole na kuosha mizizi katika beseni. Kwenye mizizi ya ndoo mbili za kwanza mtakuta vinundu, vingine vidogo kama punje ya mtama. Kwenye ile ya mchanga huenda msikute hata kimoja. Wewe mwenyewe shika wembe ukate kinundu katikati. Kikiwa kinafanya kazi, ndani kina rangi ya waridi au nyekundu kama nyama mbichi, na watoto hushangaa sana kuona mmea wenye kitu kama damu. Hawajakosea mbali: rangi hiyo hutokana na protini iliyo ndugu wa ile inayofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake ni kudhibiti oksijeni ili bakteria wanaoishi humo waweze kuchukua naitrojeni hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Kinundu cheupe au cha kijani hakifanyi kazi hiyo. Waachie watoto wahesabu wenyewe: ni mmea upi una vinundu vyekundu vingi zaidi, maharagwe au kunde? Kisha wakamuulize nyanya yao kwa nini huchanganya kunde na mahindi shambani, na waandike jibu lake kwa lugha aliyoitumia. Majina ya nyumbani yaingie daftarini bila kusahihishwa. Gugu linalofyonza mahindi ambalo Waluo huliita kayongo lilipungua pale watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu, kule Mbita walipopanda mmea uitwao desmodiamu katikati ya mahindi na majani ya nepia pembeni ili kuwazuia viwavi wanaotoboa mabua, na wakulima waliolitaja kwa jina hilo ndio waliolijua kwanza.

Binti anaweza kuongeza uchunguzi wa mbu. Achote maji ya dimbwi lenye jua kwa kikombe cheupe, na maji ya mtaro mchafu kwa kikombe kingine, kisha atazame viluwiluwi vikipumzika juu ya maji. Vile vya mbu wa malaria hulala sambamba na uso wa maji kama kijiti kinachoelea. Vile vya mbu wa kawaida wanaotusumbua usiku huning'inia kichwa chini, vikipumulia kwa mrija wa mkiani. Aviweke katika chupa iliyofunikwa kwa kitambaa cha neti, avihesabu kila jioni kwa siku zisizozidi nne, kisha mmwage maji yote kwenye udongo mkavu wenye jua kabla mbu hawajatoka.

Huenda ukafikiri kwamba haya ni mambo madogo kwa binti wa miaka 14 anayetaka kwenda mbali. Peter Tabichi, mtawa na mwalimu aliyeshinda Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019, alikuwa akifundisha shule ya kutwa ya Keriko, kijijini upande wa Njoro, yenye kompyuta moja na intaneti ya kubahatisha. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakafika hadi mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi huko Arizona, Marekani. Njia yao ilipitia Maonyesho ya Sayansi na Uhandisi ya Kenya, na mradi unaokwenda mbali katika maonyesho hayo ni ule wenye vipimo vya muda mrefu. Binti akianza makovu ya gugu maji Agosti hii, akifika sekondari atakuwa na takwimu zake mwenyewe za misimu kadhaa, na hicho ni kitu kisichonunuliwa wiki moja kabla ya mashindano.

Usalama nauweka wazi, iwe mnakwenda wenyewe au mnalipia. Mtoto asiingie ziwani wala kwenye maji yaliyotuama pembeni mwake kwa miguu mitupu, kwani vijidudu vya kichocho hutoka kwa konokono na kupenya ngozini bila mtu kuhisi. Sampuli zichotwe na mtu mzima aliyevaa gambuti, watoto wazichunguze katika beseni nchi kavu. Ufukweni mwenye kujua njia za viboko awe mbele daima. Kwa programu ya kulipia, omba kuona vyeti vya tabia njema vya wale watakaokaa na watoto, na kama kuna kulala, uliza nani atalala na wasichana na kama kuna wakati wowote mtu mzima mmoja ataachwa peke yake na mtoto mmoja. Anayeudhika kwa swali hilo usimwachie mtoto wako.

Ile fizikia uliyoiacha kidato cha pili haitakuzuia. Nunua madaftari mawili yenye jalada gumu na penseli, kwa sababu wino hutawanyika ukilowa, na jioni badala ya kuwauliza wamejifunza nini, waulize, "Mlijuaje?" Wakikosa jibu, usiwatafutie kwenye simu, kesho yake nenda nao mkaangalie, nawe uandike kipimo chako kando ya chao. Kijiti cha kivuli mnaweza kukisimamisha Jumamosi hii.